Mawingu ya Mgongoni

Harufu ya ngozi ya ng'ombe inayochemka haifanani na ya nyama. Ni nzito, ina utamu wa mbali, na ndani yake kuna kitu cha mnyama aliyenyeshewa. Majira ya baridi yaliyopita ilinikuta Grant Street, hapa Buffalo, nilipoingia duka moja la vyakula kununua sombe, kisamvu cha kwetu, na unga wa muhogo. Nyuma ya duka kuna jiko dogo, na mwenye duka alikuwa ameinjika sufuria la ngozi kwa ajili ya wateja wake wa Jumamosi. Watu waliokuwa kwenye foleni walimeza mate. Mimi niliona dhahabu.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea tangu nikiwa na miaka kumi.

Mwaka 2015 tulikuwa tunaishi Louisville, mama na mimi, ghorofa ya pili, kwenye nyumba za kupanga ambamo karibu kila mlango ulikuwa na familia iliyotoka kambini. Tulikuwa tumemaliza miaka mitatu Marekani. Kabla ya hapo tulikaa kambini mkoani Kigoma, na kabla ya kambi kulikuwa na milima ya Kivu Kusini, ambayo mimi siikumbuki kwa sababu niliondoka huko nikiwa sijaanza kutambaa. Baba yangu hakufika kambini. Zaidi ya hayo sikuwa najua, maana mama hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya milimani. Ukimwuliza, alikutuma kuleta kitu jikoni. Nilikuwa nimeleta chumvi nyingi kutoka jikoni ambayo haikuhitajika.

Watu wote walimwita Mama Furaha, kwa jina langu. Kulikuwa na mambo mawili aliyoyajua kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. La kwanza lilikuwa kusuka nywele. La pili lilikuwa kufundisha kwaya. Kanisa letu lilikusanyika Jumapili mchana katika jengo la kanisa la Wamarekani, wakishaondoka wenyewe, harufu ya kahawa yao ikiwa bado ukumbini. Mama alisimama mbele ya waimbaji thelathini bila fimbo wala karatasi, akawaongoza kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Akivinyanyua, walipaa. Akivikunja, walinyamaza kama redio iliyozimwa. Mwezi wa tisa mwaka ule kulikuwa na mkutano wa kwaya Columbus, kwenye ukumbi mmoja wa kitongoji chake cha Westerville, na mama alikuwa ametunga wimbo wa kwenda nao. Watu aliokuwa akiimba nao kambini, ambao ndege ziliwatawanya kila mmoja upande wake, walikuwa wakija huko kutoka majimbo mbalimbali. Alianza kuhesabu majuma tangu mwezi wa tano.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga makartoni kwa utepe katika ghala moja kwenye eneo la viwanda la Jeffersontown. Saa ya chakula wafanyakazi walikaa nje, kwenye meza za mbao, na mama akawa anawasuka wenzake pale pale, mkate wake ukiwa kwenye paja. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na karakana ndogo ya mzee mmoja Mchina, aliyekuwa akila wali wake kutoka kwenye chupa ya chai huku akitazama vidole vya mama. Alitazama siku tatu. Siku ya nne alikuja na sinia. Juu yake kulikuwa na donge jeusi laini, mfano wa ugali wa mtama uliokandwa na mafuta. Alimega kidogo, akaliviringisha juu ya ubao kwa kiganja mpaka likawa uzi, kisha akamsogezea mama lile donge. Mama alinawa mikono, akaviringisha. Uzi wake ulitoka mwembamba kuliko wa mzee. Hivyo ndivyo alivyohama ukuta.

Yule mzee aliitwa Lin, na kazi yake ilikuwa kuzivika sanamu za ibada za Kichina. Hakuzichonga. Zilimfikia zikiwa mbao tupu zilizochongwa kwa mkono, au zikiwa kuukuu, zimebanduka rangi, kutoka kwenye nyumba za watu na vyumba vya ibada vya miji mbalimbali. Yeye alizipa ngozi, nguo na dhahabu. Miaka arobaini alikuwa ameifanya kazi hiyo peke yake, na sasa mkono wake wa kuume ulikuwa umeanza kutetemeka.

Shule zilipofungwa nilikuwa nikishinda karakanani, kwenye meza iliyokuwa dirishani, na daftari. Hakuna aliyenituma kufanya kitu. Kazi yangu nilijipa mwenyewe, nayo ilikuwa kuandika kila nilichokiona. Daftari lile ninalo bado, kwa hiyo hapa sibahatishi.

Siku ilianza kwa sufuria la gundi. Mzee Lin aliichemsha kutokana na vipande vya ngozi ya ng'ombe, na siku ya kwanza mama alipoingia alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ndogo, "Nyumbani." Mimi nilidhani anataka turudi kwenye ghorofa yetu. Gundi ilichanganywa na chokaa nyeupe, ikapakwa juu ya mbao moto moto, ikakauka, ikapigwa msasa, ikapakwa tena. Mara saba. Mwishowe mbao ilikuwa laini kama yai. Halafu zilikuja nyuzi. Mama aliziviringisha kutoka kwenye lile donge jeusi, lililokuwa udongo uliosagwa na utomvu wa mti, akazilaza juu ya sanamu kwa ncha ya kijiti, moja moja, zikizunguka, zikipishana, mpaka nguo ya sanamu ikaota mapindo, maua na mawimbi. Juu ya hapo ilipakwa rangi nyekundu. Niliuliza kwa nini wapake nyekundu kitu ambacho kitakuwa cha dhahabu. Mzee Lin alijibu kwa Kiingereza chake kilichokuwa kifupi kama changu: bila nyekundu chini, dhahabu inakuwa baridi.

Na dhahabu yenyewe. Ilikaa ndani ya vijitabu, karatasi za dhahabu nyembamba kiasi kwamba ukipumua tu inajikunja na kukimbia. Walipoitia walifunga madirisha na kuzima feni, hata katika joto lile la Kentucky linaloshika shati, na mimi niliamriwa nisigeuze ukurasa. Mama alibana pumzi, akaichukua kwa brashi ya manyoya, akaiteremsha juu ya wekundu. Ilinyonywa. Nyuzi zote alizokuwa amezilaza zikajitokeza ghafla, kama mishipa kwenye mkono wa mtu mzima.

Kiangazi kile kulikuwa na sanamu moja kubwa, mama mwenye huruma wa Wachina, ameketi, mkono mmoja juu ya goti. Alikuwa akienda kwenye chumba cha ibada cha jumuiya moja ya Wachina wa Columbus, nasi tukamwita Mama wa Columbus. Alikuwa na kila kitu isipokuwa macho. Penye macho palikuwa pamenyooka, peupe. Mzee Lin alieleza kwamba macho hutiwa mwisho kabisa, huko huko anakokwenda, kwa siku iliyochaguliwa, na mtu wao wa ibada. Si fundi.

"Mpaka siku hiyo," alisema, "ni mbao."

Nilimtafsiria mama. Alitikisa kichwa kukubali, kwa namna ya mtu aliyepewa kiti baada ya kusimama sana.

"Bon," akasema, kwa Kifaransa chake cha kukubali. "Mbao, miye naweza. Siku batatia macho, sitakuwa pale."

Kulikuwa na desturi nyingine. Mbele ya sanamu hufuata michoro ya zamani, huwezi kuongeza hata jani. Lakini mgongo hukaa ukutani, hauonwi na mtu, kwa hiyo mgongo huachiwa fundi auvike anavyotaka. Mwalimu wake Mzee Lin alimwachia hivyo alipokuwa kijana. Sasa yeye alimwachia mama. Mama alimgeuza yule Mama wa Columbus, akakaa nyuma yake majuma matatu. Alikuwa akilaza nyuzi ndefu zilizopinda, mbili mbili, zikipanda kutoka kiunoni hadi mabegani, na kila alipomaliza jozi moja alitamka neno chini chini. Gaju. Bihogo. Gitare. Rugina. Mimi niliandika: mgongoni Mama anaweka mawingu, na kila wingu lina jina lake la Kichina.

Kanisani hakuna aliyejua habari hizi. Walipomwuliza kazi mpya ni ya nini, alijibu ni ya meza na viti. Nililiona hilo, nikaliandika pia, kwa alama ya kuuliza.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Jumapili moja, majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa, ilikuwa siku ya ushuhuda wa watoto. Kila mmoja alikwenda mbele kumshukuru Mungu kwa jambo moja la kiangazi. Mtoto wa kwanza alishukuru kwa baiskeli. Wa pili alishukuru kwa kupona masikio. Mimi nilipanda na daftari langu, nikatangaza kwamba namshukuru Mungu kwa kazi mpya ya mama yangu, nikaanza kusoma kwa utaratibu. Watu wa kanisa letu wamezoea kuitikia amina kila msemaji anapovuta pumzi. Waliitikia amina kwa chokaa. Waliitikia amina kwa msasa, mara saba. Waliitikia amina kubwa kwa dhahabu. Nilipofika mahali ambapo dhahabu inavalishwa mama mwenye huruma ambaye Wachina wanamwomba, amina ilitoka moja tu, ya babu mmoja asiyesikia vizuri, ikabaki peke yake hewani.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ukurasa ulikuwa haujaisha.

"Na mgongoni," nikasoma, "Mama anaweka mawingu, na kila wingu lina jina. Gaju, Bihogo, Gitare, Rugina."

Bibi mmoja safu ya mbele alijifunika mdomo kwa kitenge. Nyuma yake mtu alicheka, akanyamaza. Mzee Ezekieli, kiongozi wa wazee wa kanisa, ambaye alikuwa akitazama saa yake, aliinua kichwa akanikazia macho kana kwamba nimemwita kwa jina la mama yake. Nilimtafuta mama kwenye safu ya kwaya. Alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo, anakisoma. Mama hakuwahi kuhitaji kitabu cha nyimbo.

Nyumbani hakunipiga wala kunisema. Hilo lilikuwa baya zaidi. Nilitupa daftari kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya viazi. Asubuhi nililikuta mezani limefutwa, jalada limekauka.

"Kitabu haina kosa," alisema. Halafu akaenda kazini.

Jumanne jioni, jua likiwa bado juu, wazee watatu walikuja kwetu. Mzee Ezekieli alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na milimani alikuwa amechunga mlima mmoja na babu yangu mzaa mama. Hilo mama alinieleza baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba akiingia mahali watu husimama. Mama aliwapa soda na karanga. Walisali kwanza. Kisha Mzee Ezekieli akaweka chupa chini.

"Mama Furaha, hatukukuja kukugombeza. Ile mtoto alisema, ni ukweli?"

"Ni ukweli, Muzee."

"Juu ya nini ulitwambia ni kazi ya meza na biti?"

"Bon, meza iko. Na miye nakaliaka ku kiti."

Mmoja wa wazee alipaliwa na karanga. Mzee Ezekieli hakutabasamu. Alisema kwamba kwaya ni mdomo wa kanisa, na mtu anayeuongoza hawezi kuwa na mikono ndani ya sanamu. Mama alijibu kwamba yeye haisujudii sanamu wala haiombi, nayo haijatiwa hata macho. Walirudi pale pale mara tatu, kwa upole, bila kupandisha sauti, na mara zote tatu walitoka na jambo lile lile.

"Donc, chagua," alisema mzee mwishowe. "Kazi ao kwaya. Siku ya Mungu utatupa jibu. Columbus, kama utachagua kazi, Mama Rebeka ataimbisha."

Mama Rebeka alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwenye sauti safi sana na subira kidogo sana, na kwa kuwa aliishi mlango wa chini yetu nadhani alilisikia jina lake likitajwa hata kabla mama hajajibu.

Wazee walipoondoka nilikumbuka jambo. Vitabu vyetu vya nyimbo vilikuwa vikihifadhiwa ndani ya makartoni madhubuti aliyoyaleta Mzee Ezekieli kutoka kazini kwake, na ubavuni mwa kila kartoni kulikuwa na picha ya pipa. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la wiski. Louisville nzima inajua harufu hiyo. Kanisani kwetu, mtu aliyeonja hata bia alisimamishwa ushirika. Nilimwambia mama kwamba ningeweza kusimama tena Jumapili nikasema habari za makartoni.

"Ule muzee iko na batoto saba," alinijibu. "Miye pia nilifunga makartoni. Nani aliniuliza kuko nini ndani?" Kisha akanituma jikoni kuleta chumvi.

Jumatano alikwenda kazini kama kawaida. Alinifanya nimtafsirie Mzee Lin kwamba huenda Ijumaa ikawa siku yake ya mwisho. Mzee alitazama mkono wake mwenyewe, ule wa kutetemeka, akauweka chini ya mwingine. Hakumbembeleza. Aliuliza tu kama mgongo utakuwa umekwisha. Mama akasema utakwisha.

Alhamisi, muda wa chakula, mlango wa karakana ulifunguliwa na Mzee Ezekieli akaingia peke yake, amevaa fulana ya kazini ile ya rangi ya kung'aa, anaelekea zamu yake. Alikuwa amekunja uso kwa kazi iliyomleta. Lakini hakufika hata hatua tatu. Alisimama pale pale aliposimama mama siku ya kwanza.

"Nani anachemsha ngozi hapa?"

Mzee Lin, ambaye hakuelewa neno hata moja, alifunua sufuria. Mzee Ezekieli alisogea, akachovya kijiti, akaubana ute kati ya kidole gumba na cha shahada, akavuta. Ulifanya uzi. Akatikisa kichwa kukubali. Mzee Lin naye akatikisa chake. Hayo ndiyo maongezi yote waliyowahi kufanya wale wawili moja kwa moja, na nafikiri waliagana kila mmoja akimheshimu mwenzake kama fundi.

"Nionyeshe mawingu," Mzee Ezekieli akamwambia mama.

Mama aliikamata meza ya duara iliyobeba sanamu, akaizungusha mpaka mgongo ukaja mbele. Dhahabu ilikuwa imetiwa asubuhi ile ile. Mzee alivaa miwani. Nilikuwa nimeketi karibu, kalamu mkononi, nikaona kidole chake kikifuata nyuzi bila kuzigusa, kutoka kiunoni kwenda juu, kikipinda zilipopinda.

"Huyu ni Bihogo ya baba yako," alisema.

"Ndiyo."

"Pembe ya kushoto ilikuwa inainama. Aliangukaga ku mawe, siku ya mvua."

"Ndiyo, Muzee."

"Na huyu?"

"Gaju."

"Hapana. Gaju alikuwa na pembe fupi."

"Ulimuonaga angali kijana. Alikuja kuzala mara tatu nyuma, pembe zikakomaa."

Wakaanza kubishana. Nimewahi kusikia watu wakibishana juu ya maandiko na juu ya siasa, lakini sijasikia tena ubishi wa namna ile, mzee na mama wakigombea upana wa pembe za ng'ombe ambaye hayupo duniani. Ng'ombe walikuwa kumi na wawili, wote wa babu yangu, na wote walichukuliwa au kuuawa juma ambalo watu wa kijiji walikimbia. Niliyaelewa hayo nikiwa nimeketi pale, vipande vipande, kutoka kwenye mabishano. Hayakuwa maneno ya Kichina. Hayakuwa mawingu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima na kuwasomea wazee wangu majina ya ng'ombe wao waliokufa, nikidhani nasoma hali ya hewa.

Mzee Lin aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema wale ni ng'ombe. Alisogea, akatazama kwa muda, akasema kwamba majuma matatu alikuwa akifikiri ni mawingu yaliyofanywa vibaya, na kumbe ni ng'ombe waliofanywa vizuri.

Nilipomtafsiria, Mzee Ezekieli alicheka. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa fulana yake kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Ya kwangu walikuwa makumi ine," alisema. "Pembe zote sizikumbukake tena."

Akaenda zamu yake.

Jumapili mama alikuwa amevaa sare ya kwaya. Hakuniambia atajibu nini, na mpaka leo hajaniambia, kwa sababu hakuulizwa. Kabla ya matangazo Mzee Ezekieli alisimama, akaomba nafasi ya ushuhuda. Ushuhuda wake ulikuwa mfupi. Alisema kwa miaka mitatu amekuwa akifunga makartoni ya wiski, tangu asubuhi hadi jioni, na hajawahi kunywa tone. Alisema kanisa halijamwuliza, naye hajajiuliza. Alisema amekwenda kuona kazi ya Mama Furaha kwa macho yake.

"Kama tunahukumu mikono," alisema, "muanze na ya kwangu."

Akainyoosha mbele, viganja juu, ikabaki hivyo. Nilihesabu wanaume waliotazama chini. Walikuwa wengi, na mmoja alikuwa mhasibu wa kanisa, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sigara. Mchungaji alipotoa wimbo, mama alipanda mbele, akanyanyua vidole viwili.

Sitadai kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Mama Rebeka hakumwamkia mama mpaka mwaka uliofuata, na kwenye gari la kwenda Columbus alichagua kiti cha mbele kabisa ili asimwone. Wengine walinong'ona. Lakini tulikwenda. Mama wa Columbus alikuwa ametangulia juma moja, amefungwa mablanketi, kwa barabara ile ile ya 71, na njiani nilikuwa nikiwaza kwamba yeye na kwaya wamepanda njia moja bila kusalimiana. Westerville mama aliimbisha wimbo wake. Wenzake wa kambini walilia, yeye hakulia. Siku ya kutia macho, kama alivyoahidi, hakuwapo.

Mwaka uliofuata Mzee Lin alifunga karakana, akaenda kuishi na mwanawe jimbo jingine. Mama alirudi kwenye makartoni. Baadaye tulihamia Buffalo, ambako sasa anatunza wazee wa watu, na vidole vyake, nasikia, vinagombewa na mabibi wa Kimarekani wanaotaka kusukwa.

Baada ya ile harufu ya Grant Street sikutulia. Mwezi wa tatu nilikuwa na harusi ya binamu huko Westerville, na kesho yake nikatafuta kile chumba cha ibada. Mama mmoja aliyekuwa akipanga machungwa mezani alinisikiliza habari yangu yote bila kunikatiza. Kisha alisogeza taa, tukasaidiana kuivuta meza kutoka ukutani. Mbele, Mama wa Columbus alikuwa na macho sasa, meusi, yanatazama chini, na moshi wa ubani ulikuwa umeanza kumtia kivuli usoni. Nyuma alikuwa vile vile. Moshi haujafika. Ng'ombe kumi na wawili, dhahabu yao bado ina joto la ule wekundu wa chini. Nilipiga picha.

Jioni niliyorudi Buffalo nilimpa mama simu, sebuleni. Aliikuza picha kwa vidole viwili, vile vile.

"Bamemutia macho?"

"Wamemtia."

"Bon." Akahesabu, midomo ikitembea. Walitimia.

Ndipo nilipomwuliza swali ambalo, pamoja na daftari langu lote la utaratibu, sikuwahi kuliandika. Nilimwuliza kwa nini ng'ombe, kati ya vitu vyote, na kwa nini alifurahi kupewa mgongo, mahali ambapo hakuna mtu atakayewaona.

Hakuondoa macho kwenye simu.

"Siku tulikimbia, bang'ombe walitufuata mpaka ku muto," alisema. "Miye nilikuwa na mugongo moja. Ni weye uliukalia."

Akanirudishia simu. Halafu akaniambia niende jikoni nimletee chumvi.

Hapakuwa na chakula mezani. Utotoni ningeikimbilia chumvi na kurudi nayo mbio, nikijiona mtoto mtiifu, nikashangaa kumkuta ameshageukia dirisha. Safari hii niliingia jikoni, nikafungua bomba, nikayaacha maji yatiririke kwa muda mrefu.